Moyo unasema mpe, hesabu zinasema acha: machale yanaaminika kwenye kampuni changa?

#1 Kigoda
Wakuu, habari za jioni.

Nina milioni 15 zimekaa tu, pesa ya kiwanja cha Kibaha nilichouza mwezi wa tatu. Kuna kijana wa miaka 26 ana kampuni ya mwaka mmoja na ushee. Wanakodisha maboksi ya baridi ya sola kwa wauza samaki pale Feri, soko la samaki la Dar. Maboksi yako 11, kila moja shilingi 5,000 kwa siku. Anataka nimpe hiyo 15, yeye anipe asilimia 10 ya kampuni.

Hesabu zake nimezisoma mara tatu, hazina kichwa wala miguu. Faili lina ukurasa unaitwa "makadirio mapya" na mwingine "makadirio mapya kabisa", na hazifanani. Lakini siku tuliyokutana mgahawani pale Posta, katikati ya maongezi simu yake ikaita. Mama mmoja boksi lake limezima na lina samaki ndani. Kijana akaniomba radhi, akafunga begi, akapanda bodaboda. Nikabaki na vikombe viwili vya chai. Hakurudi. Saa kumi na mbili jioni akanitumia picha ya boksi linawaka taa ya kijani, na vidole vyake vimejaa grisi. Toka siku hiyo nafsi yangu imemkubali.

Swali: kwa kampuni kama hizi, ambazo huna mahesabu ya miaka mitano ya kukagua, machale yanaaminika? Au ndiyo mlango wa kupigwa? Mama watoto amemwona mara moja tu, anasema roho yake haimtaki. Nikimuuliza sababu, hana.

#2 Kobe wa Pangani
Nimevuta kiti. Waje wataalamu.

#3 Hatifungani
Mkuu peleka kwenye mifuko ya uwekezaji ya UTT, ule Mfuko wa Ukwasi, ukalale usingizi. Au ikopeshe serikali kwa kununua hatifungani yake, kila miezi sita unapokea chako. Machale waachie askari wa doria.

#4 Jicho la Tatu
Usisikilize waoga mkuu. Masayoshi Son, tajiri wa Kijapani wa kampuni ya uwekezaji ya SoftBank, alikaa na Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba ya biashara mtandaoni kule China, muda mfupi tu, jamaa hana hata mpango wa biashara. Son akayatazama macho yake, akayaona yana nguvu, akamwaga dola milioni 20 Alibaba. Ilipoingia soko la hisa New York 2014 mzigo wake ulishavuka dola bilioni 50. Macho tu! Hakuna faili la makadirio lingeiona ile.

#5 Karani Mstaafu
#4 malizia hadithi, usiishie penye utamu. Pesa ya Alibaba ilitoka mwaka 2000. Mwishoni mwa 2016 mtu yuleyule alitembezwa na Adam Neumann kwenye ofisi za WeWork, kampuni yake ya kupangisha ofisi, dakika kama 12, akakubali kuweka zaidi ya dola bilioni 4. Januari 2019 kampuni ikapewa thamani ya bilioni 47. Septemba mwaka huohuo ikashindwa kuingia sokoni, na Novemba 2023 ikakimbilia mahakama ya mufilisi. Son mwenyewe alikiri hadharani kwamba uamuzi wake ulikuwa mbovu.

Sasa nijibu: macho yake yaliharibika lini, kati ya 2000 na 2016?

#6 Jicho la Tatu
Hayajaharibika. Alibaba imelipa hasara ya WeWork na chenji ikabaki. Macho bado yanaongoza.

#7 Karani Mstaafu
Chenji ya kwako itatoka wapi? Son alikuwa na Alibaba mfukoni. Kigoda ana kiwanja kimoja na kimeshauzwa.

#8 Mama Ntilie wa Hisa
Hahaha #7 umemaliza.

Kigoda, kabla hatujaenda mbali: mama watoto anajua kwamba hiyo 15 inataka kutembea?

#9 Kigoda
Anajua. Ndiyo maana roho yake imechangamka.

#10 Mvuvi Hachoki
Mimi nimekulia kwenye ngalawa, Feri nimeuza miaka 14. Nimesoma hizo hesabu nikacheka peke yangu kwenye daladala.

Kijana anakwambia 11 mara 5,000 ni 55,000 kwa siku, mara 30 ni 1,650,000 kwa mwezi. Au sivyo? Kwenye hiyo 30 ndipo hajui bahari. Vibua na dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa ya chomboni haina maana, samaki hawakusanyiki, vyombo vinalala. Mama wa Feri anakodi boksi siku kuna samaki, siku za mbalamwezi anakodi la nini? Toa siku kumi kila mwezi. Ibaki 20, hiyo ni 1,100,000. Bado hujaweka kusi likivuma, wenye vyombo vidogo wanakaa pwani wanashona nyavu.

Sisemi usimpe. Nasema muulize kuhusu mwezi. Akikushangaa, ondoka.

#11 Kobe wa Pangani
Uzi umeanza kunoga. #10 heshima yako mzee.

#12 Msomi wa Mtaa wa Pili
Nisaidie Kigoda kidogo na hesabu ya asilimia. 15 kwa asilimia 10 maana yake kampuni nzima, pesa yako ikishaingia, ni milioni 150. Kabla ya pesa yako ni 135. Boksi moja jipya ni shilingi ngapi?

#13 Kigoda
Anasema 1,800,000 mpaka lisimame Feri.

#14 Msomi wa Mtaa wa Pili
Maboksi 11 ni 19,800,000, tena tukiyahesabu kama mapya. Kwenye 135 inabaki milioni 115 na ushee. Hiyo ndiyo bei ya matumaini. Si kosa kununua matumaini, kampuni zote changa zinauza hayo, ila ujue umenunua kilo ngapi.

#15 Naivasha Boy
Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi watu wa Bongo mnajadili macho, sisi tumeshalia bana. Kune Foods, kampuni ya chakula, mwaka wa 2021 walipewa dola milioni 1 hivi kabla hata biashara haijasimama. Mwanzilishi Mfaransa, alisema alipofika Nairobi alikosa chakula kizuri cha haraka cha bei nafuu. Wakenya tulimchapa mtandaoni siku tatu mfululizo, kwa sababu kibanda cha chakula kiko kila kona. Juni 2022 wakafunga. Sahani ya karibu dola 3 haikulipa gharama.

Waliomwekea pesa walikuwa na machale pia. Shida yalikuwa machale ya watu ambao hawajawahi kula githeri ya kibandani.

#16 Jicho la Tatu
Na M-Pesa je? Si ilikuwa machale? Nani angesema 2007 kwamba watu watatuma pesa kwa simu ya kitochi?

#17 Naivasha Boy
Hapana ndugu yangu, hiyo hadithi watu huipindua. Pesa ya majaribio ilitoka kwa Vodafone na serikali ya Uingereza, na jaribio la kwanza la 2005 lilikuwa la watu kulipia mikopo midogo kwa simu. Wakaona watu wanatumiana wenyewe kwa wenyewe, mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Wakafuata hicho, wakafungua Machi 2007. Hayo si machale, ni kutazama mtu anafanya nini na kitu chako.

#18 Bint Saadani
Basi machale ya Kigoda nayo ni ya hivyohivyo. Alimtazama kijana anafanya nini simu ilipoita. Hakumtazama macho. Mbona mnamfananisha na Son?

#19 Karani Mstaafu
Hoja nzuri #18. Lakini amemtazama mara moja. Mara moja ni kisa tu.

#20 Sista wa Zamu
Mimi ni nesi, wodi ya watoto wachanga, mwaka wa 19 huu. Niwaambie machale ni nini kwa upande wangu.

Unaingia zamu ya usiku, vipimo vya mtoto viko sawa vyote, joto sawa, mapigo sawa. Lakini kuna rangi fulani hivi pembeni ya mdomo, na hanyonyi kwa hamu ile ya jana. Namwita daktari. Daktari kijana anaangalia karatasi, ananiangalia mimi, anaona nasumbua. Saa tisa usiku mtoto anabadilika. Siku hizi wananisikiliza.

Ila miaka minne ya mwanzo sikuwa na machale yoyote, nilikuwa na woga tu. Nilijifunza kwa sababu kila asubuhi nilijua kama nimepatia au nimekosea. Sasa ninyi mnaoweka pesa kwenye kampuni, mnajua mmepatia baada ya muda gani?

#21 Msomi wa Mtaa wa Pili
Sista umeandika kilekile walichokiandika wanasaikolojia Daniel Kahneman na Gary Klein mwaka 2009. Kahneman alikuwa haamini hisia za mabingwa, Klein alizitetea, maana alikuwa ametafiti makamanda wa zimamoto. Wakakaa pamoja wakitarajia kugombana, wakakuta wanakubaliana kwa sehemu kubwa. Hisia za bingwa zinaaminika panapokuwa na mambo mawili: mazingira yana mpangilio unaojirudia, na mtu amepata nafasi ya kujifunza mpangilio huo kwa kuonyeshwa makosa yake mapema. Moja likikosekana, kinachobaki ni kujiamini, na kujiamini anako hata anayekosea.

Kampuni changa jibu linakuja baada ya miaka saba au kumi. Ukiwekeza mara tano maishani, umepata majibu matano. Sista anapata matano kwa wiki.

#22 Hatifungani
Kwa hiyo tumerudi UTT.

#23 Mwana wa Mkaa
Mimi nimejifunza kwa milioni 8, wacha niwape bure.

2021 rafiki yangu alianzisha usambazaji wa gesi majumbani, unaagiza kwa simu, mtungi unafika. Mtu mkweli, hanywi, halali. Machale yalinicheza kwa furaha. Tukaanza vizuri. Tatizo wateja wakazoea kuchukua mtungi na kusema "nitakutumia jioni". Jioni ya Dar mnaijua. Ndani ya miezi 14 mitungi ilikuwa mitaani, pesa ilikuwa midomoni. Akafunga. Kila shilingi iliyobaki alinionyesha, na aliuza pikipiki yake akanirudishia laki nne ambazo sikumdai.

Mpaka leo namwamini. Machale yangu yalisema kweli kuhusu mtu, yakakosea kuhusu gesi. Sikujua kama hayo ni maswali mawili.

#24 Kobe wa Pangani
Pole mkuu. "Jioni ya Dar" nimeiweka akiba.

#25 Jicho la Tatu
#23 lakini kampuni ikiwa changa, mtu ndiyo kila kitu. Mtazameni Benjamin Fernandes na NALA. 2017 ilianza kama programu ya kurahisisha kutuma pesa za simu hapa hapa nyumbani. Baadaye wakageukia watu wa Uingereza na Marekani wanaotuma pesa Afrika, na 2024 wakakusanya dola milioni 40. Aliyeweka pesa mwanzoni kwa kukagua hesabu za biashara ya kwanza alikagua kitu ambacho hakikuja. Aliyemkagua mtu ndiye aliyekula.

#26 Karani Mstaafu
Hapo nakubali nusu. Nusu nyingine: Fernandes alitoka Chuo Kikuu cha Stanford na kupita Y Combinator, programu ya Marekani ya kulea kampuni changa. Hayo mtu anayakagua kwenye karatasi, hayahitaji machale.

#27 Fundi Mitambo
Mnasema machale kama vile ni kitu kimoja. Agosti 1998 Andy Bechtolsheim aliwaandikia vijana wawili hundi ya dola 100,000 kwa jina la Google, wakati kampuni ya jina hilo haijasajiliwa, hata akaunti ya kuiweka hawana. Watu wanaisimulia kama wazimu. Huyo alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems, mhandisi wa kompyuta aliyebobea. Alionyeshwa kitu kinafanya kazi, akajua kwa nini kinafanya kazi. Mjomba wangu akiandika hundi ile, ni wazimu kweli.

Kigoda wewe kazi yako nini?

#28 Kigoda
Mwalimu wa hesabu, sekondari.

#29 Mama Ntilie wa Hisa
MWALIMU WA HESABU anataka kuamini machale 😂😂

#30 Pilipili Kichaa
Kigoda jibu swali moja bila kona. Huyo kijana ni wa kwenu? Kabila, dini, shule, kitu chochote?

#31 Kigoda
Tulisoma shule moja, yeye kanifuata miaka 20 baadaye. Tabora.

#32 Pilipili Kichaa
Asante. Nilijua. Umeona kijana unayefanana naye ukasema nafsi imemkubali. Angekuwa binti wa Kimakonde asiyejua wimbo wa shule yenu, angeondoka katikati ya chai ungesema hana adabu.

#33 Bint Saadani
Eeh, hapo pameuma.

#34 Kigoda
Pilipili nimelala na swali lako. Sina jibu zuri.

#35 Ustadhi Mdogo
Swali istikhara ndugu yangu, rakaa mbili, kisha fuata moyo unakoelekea. Riziki haina faili.

#36 Abu Suhail
Ustadhi, istikhara unaomba baada ya kufanya uchunguzi na kutaka ushauri. Usiwape watu njia ya mkato.

#37 Mkeka wa Jumamosi
Kwa sisi wa kubeti: kampuni moja ni mkeka wa mechi moja. Wakubwa wanagawa pesa kwenye kampuni 20, 30. Kigoda gawanya 15 mara tano, tafuta vijana watano.

#38 Msomi wa Mtaa wa Pili
Unachosema ni kweli ila mfano umegeuka. Mkeka wenye mechi 20, ikichanika moja umekwisha. Kwenye kampuni changa ni kinyume: 19 zinaweza kuchanika, moja ikalipa zote. Ndiyo maana wakubwa wana matumaini. Hawana matumaini na kampuni yako, wana matumaini na kapu. Mwanzilishi anaona tabasamu, anadhani ni la kwake.

#39 Mkeka wa Jumamosi
Sawa mwalimu. Ila hiyo moja inayolipa zote iwe na uwezo wa kukua mara hamsini. Maboksi ya Feri yatakua mara hamsini? Samaki wenyewe hawatoshi.

#40 Mvuvi Hachoki
#39 Kuna Feri, kuna Kunduchi, Bagamoyo, Tanga, Kilwa, Mtwara, Unguja yote. Ziwa sijaligusa. Usidharau baridi. Mama akikosa barafu saa tano asubuhi, samaki wa 8,000 anauza 3,000 kabla ya adhuhuri. Hiyo 5,000 ya boksi inarudi kwa samaki mmoja.

#41 Wakili Asiyelala
Hakuna aliyeuliza kama kampuni ipo BRELA, kwa wasajili wa kampuni. Kigoda, asilimia 10 ya nini? Angalia kampuni imesajiliwa kwa jina gani, hisa ziko ngapi, nani anazimiliki kwenye daftari. Na maboksi yenyewe yamenunuliwa kwa jina la kampuni au la kijana? Nimeona mtu ana asilimia 30 ya kampuni ambayo mali yake yote ilikuwa ya shemeji wa mwanzilishi. Pia uandike kwamba akiongeza hisa, wewe unapewa nafasi ya kununua kwanza. Bila hivyo asilimia 10 yako inayeyuka kama barafu ya hao akina mama.

Machale hayakuzuii kusoma mkataba.

#42 Jicho la Tatu
Mngekuwepo ninyi, hakuna kampuni ingezaliwa duniani.

#43 Karani Mstaafu
Na mngekuwepo ninyi tu, mahakama ya mufilisi ingejengwa ghorofa. Halafu waliofuata machale wakaanguka hawaandiki nyuzi, wako kimya wanalipa mikopo. Tunawasikia akina Son tu.

#44 Mwana wa Mkaa
Mimi nimeandika, Karani. #23.

#45 Karani Mstaafu
Samahani mkuu. Mmoja.

#46 Kigoda
Wakuu nimerudi, siku tano zimepita. Mambo yamechukua njia nyingine.

Kwanza nilimuuliza kuhusu mwezi kama alivyosema Mvuvi. Hakushangaa. Alitoa daftari la shule, lile la kurasa 96, lina siku za kila boksi kwa mkono, na pembeni kachora duara, nyeusi kwa giza na nyeupe kwa mbalamwezi. Siku zake za kukodisha kwa wastani ni 19. Nikamuuliza kwa nini faili linasema 30. Akasema aliambiwa kwenye mafunzo kwamba wawekezaji hawapendi namba ndogo.

Pili, mama watoto amekumbuka sababu ya roho yake. Anasema siku ile aliuliza betri inadumu miaka mingapi, kijana akajibu akiniangalia mimi. Akauliza tena, kijana akaniangalia tena mimi.

Juzi shemeji yenu akaenda Feri mwenyewe alfajiri, hakuniaga. Alikaa na akina mama mpaka mnada ulipoisha. Kaniletea kibua na habari. Anasema boksi ni zuri, wanaligombania siku za samaki. Anasema kijana akina mama wanampenda, ila hawamlipi kwa wakati.

Hataki hisa. Anataka anunue maboksi manne kwa jina lake, 7,200,000, ampe kijana ayakodishe, kwenye kila 5,000 yeye apate 3,000 na matengenezo yawe ya kijana. Kaniuliza, kitu cha 1,800,000 kinaonekana na kinashikika, kwa nini nilitaka kununua asilimia 10 ya hewa.

#47 Mama Ntilie wa Hisa
Huyo mama nimpeni namba yake.

#48 Msomi wa Mtaa wa Pili
3,000 mara 19 ni 57,000 kwa mwezi kwa boksi. Kurudisha 1,800,000 ni miezi 31 na nusu. Betri ikifa mwezi wa 24 je? Swali lake la betri halikuwa la bure.

#49 Jicho la Tatu
Na kijana akifika Mtwara na Unguja na maboksi 600, mama atakuwa na manne yake palepale. Ndiyo bei ya kuogopa.

#50 Pilipili Kichaa
Au kijana akifunga, mama atakuwa na maboksi manne na ninyi mtakuwa na karatasi.

#51 Wakili Asiyelala
Waandikishane, na namba za maboksi ziwe ndani ya mkataba.

#52 Sista wa Zamu
Kijana amesemaje kuhusu maboksi ya mama?

#53 Kigoda
Nimempelekea pendekezo juzi saa nne usiku. Tiki za bluu zipo, jibu hakuna. Nimepiga mara mbili, hapokei. Machale yameanza kunicheza vibaya.

#54 Mvuvi Hachoki
Tulia mwalimu. Giza limeingia tangu juzi, vyombo vyote viko baharini na vibua vimejaa mpaka barabarani. Hana mkono wa kushika simu.